Neno "Tu" Katika Kazi



Katika uchaguzi wa mwaka 2015 marehemu John Magufuli alikuja na wito ulioenea mijini na vijijini: "Hapa Kazi Tu." Kazi haipingwi na Muislamu. Nabii Daud (A.S.) alikula kwa jasho la mkono wake, na Mtume wetu (S.A.W.) alichunga mbuzi na akafanya biashara. Mvivu aketiye barazani akingojea riziki hana hoja kwetu. Linalotutia shaka ni hilo neno dogo la mwisho.

Sisi wa Songea twaijua "tu" hiyo. Zama za Mwingereza vijana wa Kingoni walichukuliwa kwa mikataba hata mashamba ya mkonge ya Tanga. Mtu aliyetoka kwao ana jina la baba na babu, alifika huko akaitwa manamba, yaani mtu wa namba. Alipewa kipande, kikatiwa alama kila amalizapo kazi ya siku, mpaka zitimie 30 ndipo alipwe. Mke na watoto wamebaki Ungoni. Mkonge ulipimwa kwa tani. Upweke wa nyumba zile ulipimwa na nani?

Salman alimkuta Abu Dardaa amezama katika saumu na sala hata amemsahau mkewe. Akamkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na ahali wana haki. Naye Mtume akamsadiki. Basi ikiwa ibada yenyewe haikuachiwa kula haki ya nyumba, seuze kazi ya tajiri?

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 nayo imeweka mpaka: saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini mfanyakazi naye asiifanye sala kuwa pazia. Aendaye Ijumaa saa saba akarudi saa kumi, amekula ujira usio wake. Suratul Jumu'a yatuamrisha kuacha biashara adhana ikilia, kisha kutawanyika kutafuta riziki sala ikiisha.

Nawe mwenye nyumba, usidhani haya ni ya serikali na makampuni peke yao. Yuko mtumishi jikoni mwako tangu alfajiri hata usiku. Muite kwa jina lake. Mlipe kabla jasho halijakauka, kama alivyousia Mtume. Mpe siku ya kupumzika na kuwaona wazee wake. Afanyaye kazi kwa moyo hahitaji kusimamiwa.

Wabillahi tawfiq.