Karatasi Inayosahau

Silent 700 ya Texas Instruments, iliyoingia sokoni mwaka 1971, haikuwa kompyuta. Ilikuwa kibodi na printa katika umbo moja, bila kioo. Kwenye matoleo ya kubebeka ulipiga simu kwa kompyuta iliyo mbali, ukalaza mkono wa simu kwenye vikombe viwili vya mpira, na majibu yakachapwa mbele yako, herufi 30 kwa sekunde. Haikutumia wino. Vidoto vya moto viliunguza herufi kwenye karatasi maalumu.

Wanaozikusanya leo husifu ukimya na wepesi wake. Wana haki, ila wanaruka swali zito: kazi ikiisha, nani anabaki na kumbukumbu? Kompyuta ya mbali ilihifadhi. Mtumiaji alibaki na karatasi inayofifia kwa joto na mwanga.

Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo mashine hizi hazikuzoeleka kwetu. Mjukuu wao tunamjua: mashine ya EFD, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Nayo huchapa kwa joto na kutuma taarifa mbali, TRA.

Mfikirie mkulima wa Mgeta, huko Uluguru. Anateremka Morogoro mjini, ananunua mbegu kwenye duka la pembejeo, anakunja risiti mfukoni na kupanda mlima. Miezi ikipita mbegu zimegoma, anarudi kudai haki yake akiwa na karatasi nyeupe. Utasema risiti huhakikiwa mtandaoni. Kweli, lakini namba ya uhakiki ilichapwa kwenye karatasi ileile.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu miaka mitano. Ndiyo maana mhasibu mzoefu, na yeyote anayerejesha masurufu, hutoa kopi ya risiti siku ileile. Analipia mara ya pili kasoro ya karatasi.

Kitabu cha zamani cha risiti chenye kaboni kilikuwa na udhaifu wake. Muuzaji aliweza kuandika bei anayotaka. Lakini pande zote mbili zilibaki na maandishi yanayosomeka. EFD imeziba mwanya wa muuzaji na kumwachia mnunuzi ushahidi usiodumu. Kwa hesabu ya kodi, mashine imefaulu. Kwa mkulima wa Mgeta, bado.