Kasoro ya Majedwali ya Metali katika Pwani ya Kismayo

Majedwali ya kihandisi hukipa chuma cha pua uzito wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo na moduli ya unyumbufu ya takribani gigapaskali 200. Takwimu hizo ni sahihi. Hata hivyo hazimtoshi msanifu wa gati la Kismayo, lililojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, likakarabatiwa miaka ya 1980. Panapokupwa na kujaa maji ya chumvi, umri wa nguzo huamuliwa na kasi ya kutu, ambayo majedwali hayo huiacha. Wabajuni walishona mbao za mtepe kwa kamba za usumba, wakazishona upya zilipochakaa: muda wa matengenezo ulikuwa sehemu ya ujuzi wa mali ghafi yenyewe. Majedwali ya Kiswahili nayo yanahitaji safu hiyo.