Hodi ya Kila Mara

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Umefungua ukurasa mmoja, ukagusa kiungo cha pili, na seva inakupokea kama mgeni aliyebisha hodi sasa hivi. Mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa kampuni ya Netscape, alibuni kidakuzi: maandishi mafupi ambayo seva humkabidhi mgeni, na kivinjari huyaonyesha kila hodi inayofuata.

Fundi mzuri huhakikisha maandishi hayo hayasemi lolote. Hayana jina wala namba ya akaunti. Ni biti 128 zilizookotwa kwa nasibu, mfano wa kibao unachopewa ukiacha mzigo stoo ya stendi. Mzigo wenyewe, yaani nani ameingia, lini, na anaruhusiwa nini, umebaki kwa seva. Anayetaka kukisia kibao cha mwenzake atazeeka akikisia.

Lakini kabla ya kibao kuna nenosiri, na hapo ndipo ufundi unaponoga. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi mfumo wa Unix ulivyotia neno hilo “chumvi”, chembe za nasibu, kabla ya kulisaga, ili watu wawili wenye nenosiri moja wasifanane daftarini. Kinachotunzwa ni unga, na unga haurudi kuwa mahindi. Miaka 20 baadaye Niels Provos na David Mazières wakaleta bcrypt, kinu kinachosaga polepole kwa makusudi. Nawavulia kofia. Wenzao wengi walikuwa wakifukuzana na kasi. Wao wakaweka kipimo ambacho ukikipandisha kwa moja tu, kazi inakuwa maradufu. Mwenye nenosiri lake hasikii tofauti. Mwizi mwenye mamilioni ya makisio anaisikia vizuri sana.

Mengine ni madogo, na mtumiaji hatayaona kamwe. Ukikosea, fundi hukujibu “jina au nenosiri si sahihi” bila kutaja lipi. Aliyeiva huenda mbali zaidi: hata jina lisipokuwepo kabisa, husaga nenosiri la uongo, maana jibu linalorudi haraka mno nalo ni umbea. Ukishaingia, hukupa kibao kipya na kukitupa cha zamani, asije mtu akawa alikuchomekea chake mapema.

Mimi, nikitaka kumjua fundi, hungojea kwenye kutoka. Nanakili kidakuzi changu, nabonyeza “Toka”, kisha narudi nacho mkononi. Fundi mvivu amekifuta kwenye kivinjari tu, kwa hiyo mlango unafunguka kama kawaida. Wa kweli amekata mstari kwenye daftari la seva. Kibao changu kinafika, kinatafutwa, hakipo, nami naletewa fomu tupu ya kuingia, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo.