Majina ya Uhayani si Vina Tu

Bukoba na Muleba ni majina yanayomfaa mshairi anayetafuta kina cha ba. Atayapanga mwisho wa mishororo, mizani itatimia, naye atashika njia yake. Sina ugomvi na kina. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kutouliza. Kwa Mhaya majina ya mahali yana sarufi, na ndani ya sarufi hiyo mna habari za waliotangulia kukaa.

Tuanze na Bukoba. Masimulizi yanalihusisha jina hili na ukoo wa Bakoba. Ondoa ba- ya watu, weka bu- ya nchi, na ukoo umekuwa mahali. Ndivyo Bahaya walivyopata Buhaya yao. Sisi wa pwani tungesema Ukoba. Mwaka 1890 Emin Pasha alipowawekea Wajerumani kituo hapo, jina la ukoo mmoja likaanza kubebeshwa mji, kisha wilaya.

Pana pia kya-, ndugu wa cha yetu. Kijiji kwa Kihaya ni ekyaro. Basi Kyakailabwa ya Bukoba kisarufi husomeka kuwa kijiji cha Kailabwa, kama vile Mjini Unguja tulivyo na Kwaalinatu na Kwamtipura. Karani anayeandika Kiamtwara badala ya Kyamutwara huizika kya- hiyo, na mgeni hawezi tena hata kuuliza: cha nani?

Hata hivyo, kiambishi kisiaminiwe kwa haraka. Bu- hutumika pia kwa dhana, kama u- ya utu na uzee. Kwa hiyo Buganguzi au Bureza, kata za Muleba, haziwi hati ya ukoo kwa umbo lake tu; wazee wa huko wasikilizwe kwanza. Hapa waandishi wetu wengi huteleza.

Tena mwenye jina si lazima awe ndiye aliyefyeka pori. Chini ya nyarubanja, mukama, yaani mfalme, aliweza kumpa mtu wake ardhi pamoja na kaya zilizokwisha panda migomba na kuzika wafu wao humo. Wenyeji wakageuka wapangaji katika vibanja vya babu zao. Sheria ya mwaka 1965 ilikuja kuwakomboa wapangaji hao, majina haikuyagusa. Tendi za nanga, ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza katika tasnifu yake ya 1986, nazo huwaelekea wakubwa: Kaitaba, mmoja wa wafalme wanaoimbwa humo, leo ana uwanja wa mpira mjini Bukoba.

Aliyepanda mgomba wa kwanza hana utendi wala uwanja. Mshairi akimtaka huyo, itambidi aingie kibanjani, aulize kaburi lile lililo kati ya migomba ni la nani.