Zumari Ina Baridi

Ulimi wa zumari ni kipande cha jani la mvumo, kimekunjwa na kufungwa uzi, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Mzee mmoja wa Kidigo, aliyeletwa huku Iyunga, nyanda za juu, na kazi ya reli ya TAZARA akalowea hapa hapa, huhifadhi ndimi zake kwenye kikopo cha dawa. Kabla ya kupiga huchagua mmoja, akauweka mdomoni ulainike, akanyamaza. Wakati huo usimsemeshe.

Julai iliyopita, kwenye harusi, kijana wa kinanda alibonyeza ufunguo mmoja, akatega sikio. “Mzee, zumari yako imeshuka.”

“Haijashuka, mwanangu. Ina baridi.”

Alisema kweli. Hewa baridi ndani ya bomba hupitisha sauti polepole, noti zote zikalala. Akaikumbatia zumari ndani ya koti, kama mtu aliyebeba kifaranga, kisha akausukuma ulimi ndani kiasi cha unene wa shilingi. Bomba likafupika, sauti ikapanda. Ila matundu ya juu yalipanda zaidi kuliko ya chini, maana huko ndiko bomba ni fupi. Hilo halikumsumbua: aliyafunika nusu kwa kidole, mashavu yamevimba, pumzi ikiingia puani na sauti isikatike.

Ulaya zumari ina ndugu, obo, inayochongwa sana kwa mpingo, mti wa kwetu wa Kilwa na Lindi. Nyumba ya Lorée ya Paris inazitengeneza tangu 1881. Zilizozeeka zina vituko: mbao hujikunja, uwazi wa ndani ukapoteza duara, noti moja ikawa na kiburi ambacho mwenyewe tu ndiye anayekijua. Wenzetu wanaheshimu vituko hivyo. Okestra nzima, fidla kwa tarumbeta, hungoja obo itoe sauti ndipo ijipatanishe nayo.

Huku kwetu zumari ndiyo inayoamriwa kufuata kinanda. Na kinanda kile kina kitufe cha kuteremsha sauti. Kijana hakukigusa.

Kikoponi zimebaki ndimi tatu. Ukishuka Pwani, msomaji, mletee mzee jani la mvumo.