Utitiri: Mdudu, Hali, au Wingi?

Makala hii fupi inakusudia kulichunguza neno utitiri, ambalo kamusi zetu hulipa maana mbili: vidudu vidogo mno vimshambuliavyo kuku, na wingi wa vitu. Hoja yetu ni kwamba fasili hizo zimeliacha nje jambo linaloziunganisha, yaani hali ya kuvamiwa.

Tuanze na umbo. Katika mwambao wa Malindi na Kilifi husikika ulinganifu wa sauti unaojulikana sana: Kiunguja husema mchanga na cheka, lahaja za kaskazini mtanga na teka, na Kigiriama mutsanga na tseka. Kwa kanuni hiyo chawa wa kusini ndiye tawa wa Amu na Mvita. Mtu aweza basi kudhani kwamba utitiri nao una t hiyo ya kaskazini. Sivyo. Kusini nako hutamkwa utitiri, wala si uchichiri. Mfanano wake na kitenzi tiririka unavutia, lakini mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa nasaba.

Sarufi inatufunza zaidi. Chawa huhesabika: hutolewa kichwani mmoja mmoja, akapondwa kwa ukucha. Utitiri hauhesabiki. Husemwa kuku ana utitiri, au banda limeingia utitiri. Mtu hasemi ameona utitiri watatu. Mfugaji anyunyizaye majivu katika kiota cha kuku anayeatamia hamwindi mdudu fulani. Anaiondoa hali nzima, ambayo ikizidi humfanya kuku ayakimbie mayai yake. Kwa hiyo kulifasiri neno hili kuwa "chawa wa kuku" kunapotosha. Isitoshe, chawa ana miguu sita, hali wataalamu wa kilimo hulitumia neno utitiri kwa vidudu vya miguu minane, jamaa ya kupe, wakiwamo wale washambuliao nyanya.

Sasa tuitazame sitiari. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992, si ajabu kusoma habari za utitiri wa vyama. Wafanyabiashara nao hulalamikia utitiri wa kodi. Asemaye hivyo hatoi hesabu tu. Anashtaki: vitu hivyo ni vidogo, havitofautishiki, vinanyonya, na aliyevamiwa hajui aanze kuondoa kipi. Linganisha na chawa, ambaye katika Kiswahili cha Tanzania cha miaka ya karibuni amekuwa jina la mtu aishiye kwa kumsifu mkubwa. Chawa hunyooshewa kidole. Utitiri hauna wa kunyooshewa.

Hapa ndipo fasili ya "wingi" inapoleta madhara. Mfasiri akiitegemea, lalamiko la mlipa kodi litageuka takwimu tupu. Na mwandishi akisema kwa furaha kwamba Malindi imepata utitiri wa watalii, atakuwa amewatukana wageni bila kukusudia.

Krapf, aliyekaa Rabai tangu mwaka 1846, alikuwa na desturi, katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, ya kuyaeleza maneno mengi ndani ya sentensi. Watunga kamusi wetu hawana budi kuifuata desturi hiyo, na kulifasiri utitiri hivi: uvamizi wa vidudu vidogo visivyohesabika, na kwa sitiari, wingi unaokera.