Mawe Yasiyobebeka

Mgeni aendaye Kambodia kutazama mahekalu ya kale aghalabu hushauriwa asome La Voie royale, riwaya ya Mfaransa André Malraux. Ilitoka mwaka 1930, ikapata tuzo ya Interallié mwaka huo huo, na tangu hapo imehesabiwa miongoni mwa vitabu vikubwa vya safari za msituni. Nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nyumbani, na mara ya pili baada ya kulitazama hekalu la Banteay Srei na kupanda kwa miguu njia ya msituni iendayo Kbal Spean, kaskazini ya mji wa Siem Reap. Nyumbani nilisoma hadithi ya wanaume wanaoshindana na kifo. Niliporudi kutoka kule nilisoma hadithi ya wanaume waliofika mahali pa ajabu wasipatazame. Nataka kueleza kwa nini naona kwamba kasoro ya kitabu hiki si ya maadili peke yake, bali ni ya sanaa pia.

Kwa msomaji asiyekijua, kisa chenyewe ni hiki. Claude Vannec, kijana Mfaransa aliyesomea mambo ya kale, anakutana melini na Perken, mtu mzima aliyejijengea himaya yake ndogo katika milima ya Siam. Wote wawili wanahitaji fedha. Claude anaamini kwamba kandokando ya barabara ya kale ya wafalme wa Khmer yamebaki mahekalu madogo yaliyosahauliwa, na kwamba michongo yake ingeuzwa kwa bei kubwa Ulaya. Wanaingia msituni na mikokoteni, na baada ya kukatishwa tamaa mara kadhaa wanalikuta hekalu lenye sura za wanawake wachezaji. Msumeno unashindwa, nyundo zinafanya kazi, mawe yanapakiwa. Baadaye wachukuzi wanawatoroka, nao wanaingia katika nchi ya watu wa milimani wasiotawaliwa na Wafaransa, ambako wanamkuta Mzungu mwenzao, Grabot, ametiwa upofu na kufungwa kwenye jiwe la kusagia kama punda. Perken anaangukia mti uliochongwa na kutiwa sumu, goti lake linaoza, na kitabu kinamalizika kwa kifo chake.

Hapana shaka mwandishi alijua alichokuwa akikisimulia. Mwaka 1923, akiwa na umri wa miaka 22 na baada ya kupoteza mali ya mke wake katika hisa, Malraux alisafiri mpaka Kambodia pamoja na mkewe Clara na rafiki yake Louis Chevasson. Alikuwa amesoma makala ya mtaalamu Henri Parmentier, iliyochapishwa mwaka 1919, juu ya hekalu dogo la Banteay Srei. Wakaenda, wakang'oa michongo ya ukuta, wakaipakia. Tarehe 24 Desemba 1923 walikamatwa Phnom Penh. Mwezi wa Julai 1924 Malraux alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mwezi wa Oktoba, mahakama ya rufaa ya Saigon ikaipunguza adhabu hiyo kuwa mwaka mmoja, tena bila ya kuingia gerezani. Katikati ya hukumu hizo mbili waandishi maarufu wa Paris, akiwamo André Gide, walitia saini barua ya kumtetea, hoja yao kubwa ikiwa kwamba kijana huyu alikuwa na kipaji. Nao upande wa utetezi ulidai kwamba hekalu lile halikuwa limeandikishwa rasmi miongoni mwa majengo yanayolindwa. Wazee wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini wao waliisema kumwonya mwenye mali ajihadhari; hawakuisema kumpa mwizi ruhusa.

Sitaki kumhukumu Malraux mara ya pili. Mwaka 1925 alirudi Saigon, akaanzisha gazeti pamoja na wakili Paul Monin, nalo likawashambulia wakubwa wa serikali ya kikoloni kwa ujasiri ambao wengi hawakuwa nao. Kazi ya mhakiki ni kitabu, na kitabu kinacho kipaji kile ambacho waandishi wa Paris walikitetea. Kurasa za kijiji cha watu wa milimani, ambapo Perken anatembea peke yake kuelekea kwa watu wanaoweza kumwua wakati wowote, zinamfanya msomaji asahau kupumua. Kifo chake kimeandikwa bila ya machozi na bila ya faraja, na ni vigumu kukisahau.

Kasoro iko kwenye msitu. Katika riwaya hii msitu ni uozo tu: wadudu, ukungu, majani yanayonata, joto linaloyeyusha akili. Hauna mti wenye jina wala mtu anayeujua kwa upendo. Umekaa juu ya mawe kama mdudu juu ya chakula, na kwa hiyo anayeyang'oa mawe anaonekana kama anayaokoa. Msomaji wa Afrika anaijua namna hii ya kusimulia, kwa sababu Joseph Conrad alikwisha kuitumia katika riwaya yake ya mto Kongo, na mara nyingi vitabu hivi viwili vimelinganishwa. Katika vyote viwili wenyeji wamefanywa sehemu ya msitu, hawana neno la maana la kusema, na giza la nchi yao linatumika kupima roho ya mgeni.

Sasa tulitazame hekalu lenyewe, maana nalo ni kazi ya sanaa inayostahili kusomwa. Banteay Srei liliwekwa wakfu tarehe 22 Aprili mwaka 967. Halikujengwa na mfalme. Lilijengwa na Yajnavaraha, mwanachuoni aliyekuwa mwalimu wa Jayavarman wa Tano. Ni hekalu la Shiva, mungu mkuu katika dini ambayo watu wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki wameizoea kwa jina la dini ya Mabaniani. Ni dogo mno: mlango wa mnara wa katikati unazidi mita moja kwa kidogo tu, na mtu mzima hana budi kuinama. Mawe yake ni ya mchanga mwekundu unaoelekea waridi, na yamechongwa kwa undani kama mbao za mlango wa Zanzibar, isipokuwa hapa hata nafasi ya kidole haikuachwa bila ya nakshi.

Juu ya mlango mmoja wa jengo dogo la kaskazini umechongwa msitu. Ni mchongo ambao wengi huueleza kwa kisa cha Mahabharata, cha kuungua kwa msitu wa Khandava. Agni, mungu wa moto, anataka kuula msitu. Indra, juu ya tembo wake, anateremsha mvua kuuokoa. Na Krishna na Arjuna wanaizuia mvua kwa mishale. Mvua imechorwa kwa mistari ya mshazari, na chini yake wamo ndege na wanyama katikati ya miti. Aliyechonga alijua kwamba msitu una wakazi, na kwamba ukiungua kuna wanaopoteza kila kitu. Malraux alifika hapa na patasi mkononi. Miaka 7 baadaye akaandika riwaya nzima juu ya msitu na hekalu, na katika riwaya hiyo hakuna ndege hata mmoja anayeonewa huruma. Naiita hii kasoro ya sanaa kwa sababu mfano bora zaidi wa kuandika msitu ulikuwa mbele ya macho yake, umechongwa kwenye jiwe.

Kutoka Banteay Srei barabara inaendelea kaskazini mpaka chini ya milima ya Kulen, ambako njia ya miguu ya Kbal Spean inaanzia. Urefu wake ni kama kilomita moja na nusu, na mtu wa kawaida huipanda kwa dakika 40 au 50. Mwanzoni ni mchanga na kivuli. Halafu yanakuja majabali yaliyokumbatiwa na mizizi, na mahali penye mwinuko mkali zimewekwa ngazi za mbao. Nilipanda mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zinaisha, na huo ndio wakati mzuri: kiangazi mto hukauka, na mvua zikipamba moto maji huifunika michongo. Nilisikia mto kabla ya kuuona.

Kbal Spean maana yake ni kichwa cha daraja, na daraja lenyewe ni jabali ambalo maji yamepita chini yake. Hapo, na kwa masafa ya kutembea juu na chini yake, kitanda cha mto kimechongwa. Vishnu amelala juu ya nyoka Ananta, mke wake Lakshmi yuko miguuni pake, na kitovuni pake limeota yungiyungi lililombeba Brahma. Shiva yuko na mkewe Uma. Zaidi ya hayo ziko linga, zile nguzo fupi za mviringo ambazo ni alama ya Shiva, kwa mamia, zimepangwa kwa safu chini ya maji kama vikombe vilivyofudikizwa juu ya sinia. Kazi hii ilianza katika karne ya 11.

Ndani ya hekalu la kawaida kuhani huimwagia linga maji, na maji hayo hutoka kwa mfereji yakiwa yamebarikiwa. Hapa mto ndio unaofanya kazi ya kuhani, usiku na mchana. Maji yanapita juu ya linga, yanaanguka kwenye maporomoko madogo, yanaingia katika mto wa Siem Reap na kushuka mpaka Angkor, kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga. Waliochonga walikusudia kwamba hata mkulima asiyepata kupanda mlima huu maishani mwake apate baraka yake kwenye jaruba lake. Kwa hiyo kazi hii ya sanaa haiishii pale patasi ilipoishia. Ni mlima, mto, mchongo na shamba kwa pamoja. Ukiling'oa jiwe moja na kulipeleka Paris, umepata jiwe. Ile kazi yenyewe hukuipata, na huku umeiharibu.

Mtaalamu Mfaransa Jean Boulbet aliitangaza Kbal Spean mwishoni mwa miaka ya 1960, na vitabu vingi vinaandika kwamba aliigundua. Lakini inasimuliwa vilevile kwamba alionyeshwa na mtawa aliyekuwa akiishi huko. Basi yule mtawa alikuwa nani katika habari hii ya ugunduzi? Baadaye vita na mabomu ya ardhini viliifunga njia hii kwa wageni kwa miaka mingi. Katika muda wote huo maji yaliendelea kupita.

Claude anayo hoja, na haki inatudai tuisikilize. Anaamini kwamba maana ya sanamu haifungwi na aliyeichonga. Kila zama huifufua kwa njia yake. Malraux mwenyewe aliikuza fikra hii katika maandishi yake ya baadaye juu ya sanaa, kisha akawa Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa kuanzia mwaka 1959 hadi 1969. Fikra hii ina ukweli. Mimi si Mhindu wala si Mkhmer, na bado nilisimama kando ya mto ule kimya kwa muda mrefu. Wakambodia wenyewe wengi wao ni Mabudha, na bado juu ya mlima wa Kulen hujimwagia maji yanayopita juu ya linga za wazee wao ili wapate baraka. Lakini huko ni kufufua mahali pale pale, jiwe likiwa ndani ya maji yake. Hoja ya Claude inaanza kwa kusema maana haina mwenyewe, na inamalizika kwa kubeba jiwe. Kati ya maneno hayo mawili pana pengo, na riwaya haikusimama hata mara moja kulitazama.

Pengo hilo si la vitabuni tu. Mawe ya Banteay Srei yalirudishwa, na Henri Marchal akalijenga upya hekalu katika miaka ya 1930 kwa mawe yake yale yale. Kwingine haikuwa hivyo. Huko Koh Ker, wakati wa vita vya miaka ya 1970, wezi walikata sanamu ya Duryodhana kwenye vifundo, wakaiacha miguu juu ya kitako chake msituni. Mwaka 2011 sanamu hiyo ilitangazwa mnadani New York, na ikarudi Kambodia mwaka 2014. Douglas Latchford, mfanyabiashara wa vitu vya kale, alishtakiwa Marekani mwaka 2019 na akafa mwaka 2020 kabla kesi haijasikilizwa. Mwezi wa Desemba 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan likatangaza kurudisha sanamu 14 za Khmer zilizohusishwa naye. Watu wa namna hii pia husema kwamba waliviokoa vitu vya thamani kutoka msituni. Maneno hayo La Voie royale ilikwisha kuyapa lugha nzuri, na ndiyo maana siwezi kuisoma kama hadithi ya zamani iliyopita.

Hata hivyo sisemi kitabu kisisomwe. Kisomwe kwa ajili ya Perken na kifo chake, na kisomwe kama ushahidi wa jinsi mtu mwenye macho makali anavyoweza kuingia mahali penye uzuri akihesabu bei. Ila msomaji akipata nafasi ya kwenda, akisome usiku baada ya safari, siyo asubuhi kabla yake. Apande kwanza mikono mitupu, aufuate mto, na atazame zile linga zilizo chini ya maji kwa muda wa kutosha mpaka aone yanakokwenda maji.